Maswali ya Wasomaji: Nani Huupa Ulimwengu wa Mashujaa Jina Lake?

Barua za safari hii zimeangukia mahali pamoja kana kwamba walioziandika walipatana. Zote zinahusu majina ya dunia sambamba, yaani dunia mbalimbali za hadithi zinazokwenda bega kwa bega, katika vitabu vya katuni vya mashujaa na filamu zake, na zinauliza ni lini jina lihesabiwe kuwa rasmi na ni lini libaki kuwa la mashabiki.

*

Shikamoo mzee wa safu. Mimi na mdogo wangu hatuelewani. Yeye anashikilia kwamba ulimwengu wa filamu za Marvel, huu wa Tony Stark (Iron Man) na wa Peter Parker (Spider-Man) anayeigizwa na Tom Holland, unaitwa Earth-199999, na amenionyesha kamusi elezo za mashabiki zinazosema hivyo. Mimi nimesikia kwa masikio yangu ndani ya filamu kwamba ni 616. Tafadhali utuamulie, jina rasmi ni lipi? – Msomaji, Tanga

Marahaba, na umsalimie mdogo wako. Hamjakosea, si wewe si yeye. Nyote wawili mmeshika jina lililotolewa na Marvel yenyewe, na ugomvi wenu umezaliwa na dhana kwamba kampuni kubwa namna ile huzungumza kwa kinywa kimoja.

Tuanze na 616, ambayo ni ya zamani kuliko filamu zote mnazobishania. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza Julai 1983 katika toleo namba 7 la The Daredevils, jarida la tawi la Marvel nchini Uingereza, ndani ya hadithi ya Captain Britain iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Alan Davis. Humo wanatokea wahusika wa dunia mbalimbali, na namba zilihitajika ili msomaji ajue nani ni wa wapi. Kuhusu aliyeichagua namba yenyewe, maelezo yanapingana. Davis amesema ilitoka kwa Dave Thorpe, mwandishi aliyemtangulia Moore, ambaye hakuwa mpenzi mkubwa wa mashujaa na aliigeuzageuza 666, ile namba ya mnyama katika Kitabu cha Ufunuo. Wengine wanashikilia kwamba Moore aliokota namba yoyote tu isiyo na cheo, ili dunia ya Marvel isionekane kuwa ya kwanza wala kuwa kitovu cha nyingine. Vyovyote iwavyo, jina ambalo leo linaitwa rasmi halikutolewa na wakuu wa Marvel kule New York. Lilitolewa pembeni, na watu waliokuwa wakiandika kwa ajili ya soko dogo la Uingereza, likavuka bahari baadaye kupitia Excalibur, mfululizo ulioanza mwaka 1988 ukiandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Davis yuleyule.

Mashabiki waliipokea kwa mikono miwili kwa sababu iliwafaa. Mtu anayepanga hadithi za miongo kadhaa, zenye dunia nyingi zinazoingiliana, anahitaji lebo fupi ya kuitambulisha dunia kuu, na "Marvel Universe" haimsaidii, kwa kuwa jina hilo ni la dunia ile, ni la jumla ya dunia zote, na tena ni la bidhaa. Wahariri hawakuwa na shida hiyo. Tom Brevoort, mmoja wa wahariri wa siku nyingi wa Marvel, amesema hadharani kwamba haipendi kabisa 616, na kwamba yeye husema Marvel Universe, basi. Ni rahisi kumwelewa: kwake hadithi za dunia kuu ndizo kazi ya kila siku, na ni zile nyingine zinazohitaji kutambulishwa.

Hapa anaingia mtu ambaye bila yeye huenda msingekuwa na la kugombania. Mark Gruenwald alikuwa shabiki. Mwaka 1977 alianza kuchapisha kijarida chake mwenyewe, Omniverse, ambacho kazi yake ilikuwa kupima kama hadithi zinazopingana zinaweza kuwa za dunia moja au lazima zitenganishwe. Kilitoka mara mbili tu. Mwaka 1978 Marvel ilimwajiri, naye ndiye aliyeasisi Official Handbook of the Marvel Universe, mwongozo wa kampuni unaoorodhesha wahusika, silaha zao na dunia zao, ambao ulianza kutoka mwaka 1983. Gruenwald alifariki mwaka 1996. Miongozo hiyo ilipofufuliwa katika miaka ya 2000, Marvel iliwachukua tena mashabiki, safari hii watu waliokuwa wakikusanya mtandaoni habari za wahusika waliosahaulika, ikawakabidhi kalamu. Namba nyingi za dunia za Marvel zimepita mikononi mwao. Kwa hiyo unaposema "mashabiki" upande huu na "ofisi" upande ule, mara nyingi unamtaja mtu mmoja katika umri wake tofauti.

Namba 199999 ilitokea katika mwongozo wa aina hiyo mwaka 2008, mwaka uleule filamu ya kwanza ya Iron Man ilipotoka. Ni namba rasmi kwa maana kamili, kwa kuwa kitabu kilichoitoa kina nembo ya Marvel. Ila watengeneza filamu walikuwa na yao. Mwaka 2013, katika Thor: The Dark World, ubao alioandikia mwanasayansi Erik Selvig ulitaja ulimwengu wa 616. Mwaka 2019, katika Spider-Man: Far From Home, Quentin Beck anamwambia Peter Parker kwamba hapa walipo ni dunia ya 616 na kwamba yeye ametoka 833. Wanaoikumbuka filamu hiyo wanajua kuwa Beck alikuwa tapeli na kisa chake chote cha dunia nyingine kilikuwa cha kutunga, hivyo kwa miaka mitatu upande wa mdogo wako ulikuwa na hoja nzuri sana: shahidi wenu ni mwongo. Hoja hiyo ilikufa mwaka 2022, katika Doctor Strange in the Multiverse of Madness, pale Christine Palmer wa Earth-838, ambaye hana sababu yoyote ya kudanganya, alipomweleza Strange kwamba dunia aliyotoka wao wameiandikisha kama 616.

Wapo waliogoma. Anayejulikana zaidi ni Iman Vellani, mwigizaji wa Ms. Marvel, ambaye ameajiriwa na studio hiyohiyo na bado amesema waziwazi kwamba 616 ni ya vitabu, na kwamba hawezi kuiita filamu kwa namba hiyo hata wakuu waseme nini. Mwaka 2023 alishiriki kuandika kitabu cha katuni cha Ms. Marvel, kwa hiyo naye sasa ana sauti ndani ya nyumba. Mwaka huohuo Spider-Man: Across the Spider-Verse, filamu ya Sony, ilimpa Miguel O'Hara, Spider-Man wa dunia nyingine, sentensi ya kumlalamikia Doctor Strange na kijana wake wa Earth-199999, yaani Peter Parker wa Tom Holland. Kisha ikaja Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024, ambayo iliiachia dunia kuu ya filamu namba 616 lakini ikaiita dunia ya filamu za zamani za X-Men Earth-10005, namba ambayo kamusi elezo za mashabiki zilikuwa zikiitumia kwa miaka mingi. Yaani studio moja, ndani ya filamu moja, imekubali namba moja ya watunza kumbukumbu na kuikataa nyingine.

Mkitaka uamuzi, huu hapa. Katika filamu za Marvel Studios jina linalotamkwa ni 616, na hapo umeshinda wewe. Mimi, nikiandika sentensi inayogusa vitabu na filamu kwa pamoja, hutumia 199999 kwa filamu, kwa sababu jina lililobandikwa kwenye dunia mbili, moja ambamo Tony Stark alikufa katika Avengers: Endgame na nyingine ambamo anaendelea na maisha yake, halinisaidii kitu. Hapo mdogo wako ndiye ninayekaa upande wake.

*

Mheshimiwa mhariri, nimekuwa nikisoma habari za Earth-One na Earth-Two za DC, kampuni inayoshindana na Marvel, nikavutiwa, nikanunua kitabu kiitwacho Superman: Earth One nikitarajia hadithi za miaka ya 1960. Nilichokikuta ni Superman kijana wa siku hizi asiyehusiana na lolote nililosoma. Je, nimeuziwa kitabu bandia? – Msomaji, Zanzibar

Kitabu chako ni halali. Kilichokuponza ni kistari. Superman: Earth One ni mfululizo ulioanza mwaka 2010, ukiandikwa na J. Michael Straczynski kwa ajili ya msomaji mpya asiyejua chochote cha nyuma, na jina lake halina uhusiano na ile Earth-One ya zamani. Unayoitafuta wewe ina kistari katikati, na hadithi yake ni ndefu.

Mwaka 1956 DC ilimfufua Flash, shujaa mwenye kasi kubwa, kwa mtu mpya, Barry Allen, badala ya Jay Garrick aliyeanza kuchapishwa mwaka 1940. Katika hadithi za Barry, Jay alikuwa mhusika wa vitabu vya katuni tu. Kisha, Septemba 1961, katika The Flash namba 123, mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino wakawakutanisha. Barry anautetemesha mwili wake kwa kasi hadi anapenya kwenye dunia nyingine, anafika mji wa Keystone City, na kumkuta Jay mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi kwenye panja. Barry anatoa maelezo ambayo bado yananichekesha kila ninapoyasoma: kwamba aliyeandika vile vitabu, Gardner Fox huyuhuyu, bila shaka aliyaona maisha ya Jay akiwa usingizini. Hadi hapo dunia hizo hazikuwa na majina yaliyozoeleka. Earth-One na Earth-Two ni majina ya mwaka 1963, ya Justice League of America namba 21 na 22, na yalitolewa kinyume cha umri, kwa kuwa dunia ya Jay, iliyotangulia kuchapishwa kwa miaka 16, ndiyo iliyofanywa ya pili. Mhariri aliyesimamia yote hayo alikuwa Julius Schwartz, ambaye naye alianza kama kijana mchapishaji wa kijarida cha mashabiki wa hadithi za kisayansi, The Time Traveller, mwaka 1932.

Majina yalipotoka ofisini, kazi ya kuyatumia ilibaki kwa wasomaji, na haikuwa nyepesi. Flash hakusumbua, kwa sababu wa zamani na wa sasa ni watu wawili wenye majina mawili. Lakini Superman, Batman na Wonder Woman hawakuwahi kuacha kuchapishwa. Ikiwa Earth-Two ina Superman wake wa tangu 1938, hadithi yake ya mwisho ni ipi, na ya kwanza ya Superman wa Earth-One ni ipi? Hakukuwa na mpaka mmoja ulionyooka, na wasomaji walijichorea wa kwao. Batman ndiye aliyeleta tabu zaidi. Katika The Brave and the Bold mwandishi Bob Haney alimwandika apendavyo: mwaka 1970 alimkutanisha na Wildcat, mwanamasumbwi ambaye makao yake ni Earth-Two, na wawili hao wanakutana kama watu wa dunia moja, bila maelezo ya nani kamfuata nani wala kwa njia gani. Kwa mtu aliyekuwa akifuatilia mpangilio, hilo lilikuwa kosa la wazi. Badala ya kuzitupa hadithi hizo, ambazo baadhi yake kwa maoni yangu ni tamu kuliko nyingi zilizofuata kanuni, wapenzi wa katuni walizitengea dunia yake, wakaiita Earth-B. Ndani ya hadithi za Haney zenyewe hakuna mahali dunia hiyo inapotajwa. Ni jina la watu wa nje lililowekwa ili kuwe na amani.

Herufi nyingine zilitoka ofisini kwa sababu za kiofisi. Earth-X ya mwaka 1973 ilikuwa ya wahusika ambao DC iliwapata kutoka kampuni ya Quality Comics, na Earth-S ilikuwa ya wale wa kampuni ya Fawcett, S ikiwa ni ya Shazam. Wahusika wa kampuni ya Charlton walipata Earth-Four mwaka 1985. Ukiitazama vizuri ramani hiyo utaona kwamba kwa sehemu kubwa ilikuwa ramani ya mikataba, ambapo kila kundi la wahusika lililonunuliwa au kukodishwa lilipewa dunia yake, na hadithi ikatafutiwa maelezo baadaye. Earth-Four haikudumu, kwani ilijitokeza wakati wa Crisis on Infinite Earths, hadithi ya matoleo 12 ya Marv Wolfman na George Pérez iliyotoka kati ya 1985 na 1986, ambayo iliziangamiza dunia zote sambamba na kuacha moja.

Sasa turudi kwenye kistari chako. Dunia nyingi ziliporudi mwaka 2007, mwishoni mwa mfululizo uitwao 52, zilikuwa 52 kwa idadi, na zikaanza kuandikwa kwa tarakimu. Mashabiki waliona mwanya hapo. Kwao Earth-Two kwa maneno ni ile ya kabla ya Crisis, Earth-2 kwa tarakimu na kistari ni ile ya mwaka 2007, na Earth 2 bila kistari ni jina la kitabu kilichoanza mwaka 2012, chenye dunia nyingine tena. Usitegemee kwamba kila jalada la DC litaufuata utaratibu huu. Lakini ukinunua kitabu kwa kuangalia jina pekee, mwaka wa kuchapishwa utakuokoa kuliko namba.

*

Mhariri, nimesoma kwamba DCEU, jina la ulimwengu wa filamu za DC, si jina rasmi na kwamba lilitungwa kwa utani. Kama ni kweli, mbona linatumika kila mahali? Na DCU nayo ni nini? – Msomaji, Nairobi

Uliyoyasoma ni ya kweli. Mwaka 2015 mwandishi mmoja wa jarida la Entertainment Weekly alitumia "DC Extended Universe", ndiyo DCEU yenyewe, kwa mzaha, akiiga Marvel Cinematic Universe, ambalo ni jina lililotoka kwa wenyewe. Mwaka 2017 tovuti ya Vulture ikaandika kwamba jina hilo halikuwa la Warner Bros., studio ya filamu hizo, wala la DC. Kufikia hapo lilikuwa limeshazoeleka katika magazeti, katika kamusi elezo na midomoni mwa watu. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza filamu zake chini ya bango la Worlds of DC, na leo ni wachache wanaolikumbuka.

Sababu si ngumu kuiona. Man of Steel ilitoka mwaka 2013, na filamu iliyoufanya ulimwengu huo kuwa wa wengi, Batman v Superman, ikafuata mwaka 2016. Katikati yake watu walikuwa na jambo la kuzungumzia lakini hawakuwa na jina lake, na jina la kwanza lililofaa ndilo lililoshika. Majirani zenu wa Dar es Salaam wanalijua hili kupitia soka: klabu yenye jina kamili la Young Africans huitwa Yanga, na siku hizi klabu yenyewe hujiita hivyo bila kuona haya. Studio hulipia majina mazito na bado hushindwa. Sony ilijaribu kuziita filamu zake za Venom na wenzake Sony Pictures Universe of Marvel Characters, jina ambalo ufupisho wake ulichekwa mno, ikalibadilisha mwaka 2021 kuwa Sony's Spider-Man Universe, ingawa Spider-Man mwenyewe haonekani humo ila kwa kudokezwa tu.

Mashabiki nao hawakuridhika na DCEU pekee. Wale waliompenda mwongozaji Zack Snyder walijitengea Snyderverse, wakimaanisha filamu zake mwenyewe na si za wengine waliokuja kuchanganywa nazo, na jina hilo likawa silaha ya kampeni ya kudai toleo lake la Justice League, ambalo hatimaye lilitoka Machi 2021. Hapa jina halikuwa la kupanga kumbukumbu tu, lilikuwa dai. Tamthilia zilizoanza na Arrow mwaka 2012 ziliitwa Arrowverse kwa njia hiyohiyo ya mitaani, lakini bila ugomvi.

DCU, yaani DC Universe, ni ya wenyewe tangu mwanzo. James Gunn na Peter Safran walikabidhiwa DC Studios mwishoni mwa 2022, na Januari 2023 wakatangaza mpango mpya kwa jina hilo, huku filamu zisizohusiana nao, kama The Batman ya Matt Reeves, zikiwekwa chini ya Elseworlds, lebo ya vitabu vya DC vya tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Nadhani walichukua somo la kutoa jina kabla ya filamu. Na kwa kuwa DCU sasa ni ya ulimwengu mpya, ule wa zamani unahitaji jina la kuutofautisha, kwa hiyo utani wa mwaka 2015 ndio unaotumika kuuhifadhi. Andika DCEU bila wasiwasi unapozungumzia filamu za kuanzia Man of Steel. Kila mtu atakuelewa, wakiwamo waliokuwa wakikana kwamba jina hilo lipo.

*

Namba za dunia za Marvel kama 811, 295 na 1610 zinaokotwa wapi? – Msomaji, Bukoba

Nyingi ni tarehe za kuchapishwa zilizofichwa. Earth-811 ni ule mustakabali wa giza wa Days of Future Past, ulioanza katika X-Men namba 141 ya Januari 1981: mwaka 81, mwezi wa 1. Earth-712 ya Squadron Supreme ni ya Februari 1971. Earth-295 ya Age of Apocalypse imepinduliwa, mwezi ukitangulia mwaka: Februari 1995. Namba 1610, ya vitabu vya Ultimate vilivyoanza mwaka 2000, haifuati utaratibu huo. Ina mwangwi wa 616 na inaelekea ndilo kusudi lake. Ukikutana na namba usiyoielewa, tafuta kwanza mwezi na mwaka wa toleo lake la kwanza, uzisome kutoka kushoto na kisha kutoka kulia. Isipokubali, achana nayo, maana huenda aliyeiweka alikuwa na haraka.